Nilimwambia Atazame Juu

Kati yetu sote, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kupitiwa na ndege ya vita. Mimi nilimsahihisha. Jambo hilo limenikaa moyoni, na leo nalitoa.

Tulikuwa tunarekodi filamu fupi ya sayansi ya kubuni: Lubumbashi ya mwaka 2090, ndege za kivita zikishambulia bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na mlima wake mweusi wa makapi ya madini. Ndege ningezitia baadaye kwa kompyuta. Uani kwetu Kamalondo niliwapanga majirani, na babu yangu, ambaye tunamwita kambo, nikamkalisha mbele. Nikawaambia: nikipiga kofi, tazameni juu kwa hofu.

Nilipopiga kofi, wote walitazama juu isipokuwa kambo. Aliingiza shingo mabegani, akateremka kitini, akamshika mtoto wa jirani kisogoni na kumlaza chini. Nikasimamisha kazi. "Kambo, juu! Ndege iko juu!" Tukarudia, naye akatii. Usiku kadi ya kamera ilipojaa, nikafuta picha ya kwanza.

Filamu ilipoonyeshwa, hakuna aliyeshtuka. Nikasingizia ukosefu wa pesa. Lakini kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" (2010) kwa pesa kidogo mno, na helikopta zake za kompyuta zimependwa mbali na Uganda. Ndege yangu ilikosa vitu visivyouzwa dukani: kivuli kupita ukutani, mabati kutetemeka. Hata sauti niliileta papo hapo, ilhali ndege iliyo umbali wa kilomita moja husikika karibu sekunde 3 baadaye.

Ndipo nikamwuliza kambo. Septemba 1961, mji ukiitwa bado Élisabethville, Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilipigana na askari wa Umoja wa Mataifa, na ndege ya Fouga Magister ikawa inawashambulia kutoka angani. Yeye alikuwa mtoto.

"Ukisikia mluzi wake, mjukuu wangu, hutazami juu. Unatafuta mtoto yuko wapi. Mimi mama alinishika hapa." Akagusa kisogo chake.

Miaka yote hiyo tumekula naye sahani moja, sikuwahi kumwuliza. Picha ile ya sekunde chache ingetosha kuibeba filamu nzima, bila ndege hata moja. Niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe.