Mgeni Hufichwa na Mwenyeji

Kiswahili kina neno mgeni kwa mtu aliyekuja kula pilau nyumbani kwako, na neno hilohilo linamtosha kiumbe aliyeshuka kutoka nyota ya mbali. Watunzi wa hadithi za kisayansi huko duniani wanahangaika namna ya kumwingiza kiumbe huyo katikati ya watu bila kushtukiwa. Sisi lugha imeshamkaribisha sebuleni, kilichobaki ni kumtafutia kiti. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa sababu ya gemu, na gemu imenirudisha kwenye jambo la nyumbani kwetu ambalo halina mchezo hata kidogo.

Kwa asiyejua: gemu ya kuigiza wahusika inachezwa kwa maneno. Mmoja ni msimulizi, anaeleza dunia na vikwazo vyake. Wengine kila mtu anashika mhusika wake na kusema anachofanya, na pakiwa na shaka, dadu inaamua. Kwa upande wa anga za mbali inayojulikana sana ni Traveller, iliyotoka Marekani mwaka 1977. Wewe mpenzi wa fasihi ichukulie hivi: ni hadithi simulizi ambayo wasikilizaji wamepewa ruhusa ya kumkatiza babu katikati na kusema, "Hapana, mimi sungura siingii humo."

Tunacheza watu watano, Jumamosi usiku, hapa Ufukoni, Mtwara. Mimi ndiye msimulizi. Mkasa wetu ni huu: chombo kimeanguka baharini mbele ya Msimbati, abiria wanne wamefika ufukweni wakiwa hai, na wanatakiwa wafike bandarini Mtwara mjini bila mtu kugundua kwamba si binadamu. Kila mchezaji anapewa alama mia za kununulia uwezo. Unadhani walinunua nini? Ngozi. Wote wanne. Ngozi, macho mawili, vidole vitano vitano. Mmoja akanunua hadi jasho, maana alisema Mtwara ya Novemba asiyetoka jasho atashtukiwa kabla ya saa nne asubuhi.

Siwashangai. Hadithi zetu wenyewe zimetufundisha kuanza na mwili. Nani wa pwani hajasikia ile ya dereva aliyempa lifti mwanamke mzuri usiku, baibui jeusi, gari zima linanukia udi, halafu akateremsha macho akaona kwato? Jini anaweza kuiga kila kitu ila miguu. Mikindani nimesimuliwa kwato zikiwa za punda, Lindi zikawa za mbuzi. Kwa fundi wa hadithi kwato zile zina kazi: msimulizi ameacha mlango mdogo wazi, kwa sababu jini aliyejificha barabara hana hadithi. Dereva anamshusha, anapokea nauli, anakwenda kulala, basi. Lakini kwato zina kazi nyingine pia. Zinamfariji msikilizaji kwamba asiye mwenzetu atajulikana tu, alimradi utazame vizuri.

Sasa usiku wa kwanza wa gemu. Kiumbe wetu anaingia kijijini, ngozi safi, jasho linamtiririka. Anamkuta mama mmoja anaanika korosho. Mama huyo ndiye mimi.

"Habari yako," anasema kiumbe.

Mama anamtazama tu.

"Shikamoo, mama," mchezaji anajirekebisha haraka.

"Marahaba. Umetokea wapi, mwanangu?"

"Mjini."

"Mjini wapi?"

"Shangani."

"Kwa nani?"

Hapo dadu ilikuwa mkononi na haikuwa na msaada wowote. Mama hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua ampikie nini na amtume mtoto wa nani akamwitie ndugu zake. Nikaongeza: "Na mbona unaongea kama taarifa ya habari?" Maana huku kwetu, ambako wazee wengi wanaitamka Mtwara "Ntwara" na mtoto ni "ntoto", Kiswahili kilichonyooka kama rula ndicho kwato zenyewe.

Meza ikanyamaza. Ndipo mchezaji mmoja, ambaye mhusika wake alikuwa bado amejificha kwenye mikoko, akauliza: "Hivi, naruhusiwa kutafuta mtu wa kuniita mwanawe?"

Swali hilo lilinikaa. Kwenye uwanda wa Makonde watu wanalijua jibu lake siku nyingi. Vijana wanapotolewa jandoni, lipiko linatoka uwanjani. Mchezaji amevaa kichwani kinyago cha mti mwepesi, pengine chenye nywele za mtu na chale zilizofinyangwa kwa nta, na mwili mzima umefunikwa nguo ngozi isionekane. Kilichotoka pale si mtu. Kwa desturi ya zamani, wanawake na watoto hawakutakiwa kujua nani yuko ndani. Lakini jamani, mke asijue mwendo wa mumewe? Asijue lile goti linalouma kila masika? Bibi yangu alikuwa anacheka akiulizwa hayo. "Tulikuwa tunakimbia," alisema, "kwa sababu siku hiyo kazi yetu ni kukimbia." Yaani lipiko halikufichwa na kitambaa peke yake. Lilifichwa na uwanja mzima uliokubali kutolitambua.

Bibi alikuwa na sababu ya kulielewa jambo hilo. Alikuwa Mmakonde wa Mueda, akavuka Ruvuma katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, mama yangu akiwa mgongoni. Alifika kwenye kijiji ambacho hakuwa na ndugu. Mama mmoja wa pale akamwambia kila aliyeuliza, "Huyu mdogo wangu, alikuwa ameolewa mbali." Wamakonde wapo kingo zote mbili za mto, lugha ni moja, lakini bibi aliongea kwa lafudhi ya ng'ambo mpaka uzee wake, na nembo alizochanjwa usoni hazikwenda popote. Hakuficha chochote. Aliyevaa kinyago ni yule jirani, na alikivaa zaidi ya miaka thelathini. Siku ya msiba wake bibi alikaa walipokaa ndugu, na hakuna aliyemwinua. Watoto wa yule mama mpaka leo wananiita mpwa wao. Lakini mama yangu akisikia neno fomu, bado anashusha sauti.

Sitaki kulipamba jambo hili. Jina la kuazimwa lina gharama yake. Kwale, Kenya, Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa waliishi miaka mingi bila kitambulisho. Wapo waliokipata kwa kujitaja kuwa wa kabila jirani. Fikiria kumfundisha mtoto kwamba shuleni na barabarani yeye ni mtu mwingine. Oktoba 2016 mamia yao wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, wakiwa Wamakonde mchana kweupe. Rais akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na baadaye serikali ikawatambua rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Na mwenyeji naye ana gharama yake. Oktoba 2020 washambuliaji kutoka upande wa Msumbiji waliingia kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya hapo kumfungulia mlango usiyemjua si jambo jepesi huku mpakani, na mimi mjukuu wa mvuka mto sina ubavu wa kumlaumu anayeuliza mara mbili. Jirani yule wa bibi naye angeuliza mara mbili. Sijui angejibiwaje.

Kanuni za gemu hazina nafasi ya mtu kama yeye. GURPS, mfumo uliotoka mwaka 1986, unaihesabu siri kama udhaifu wa mhusika: ukiwa na siri ya hatari unapewa alama za ziada ukanunue nguvu nyingine. Siri ni mali ya mwenye siri, na hasara ni yake. Sisi tukaongeza kanuni yetu: mwenyeji akikubali kumficha mgeni, mgeni halipi kitu. Mwenyeji ndiye anayepoteza alama, moja moja, kila anapoulizwa.

Jumamosi iliyofuata yule mama wa korosho alimchukua kiumbe wa kwenye mikoko. Alimuuliza swali moja tu: "Umekula?" Asubuhi akamwambia balozi wa nyumba kumi, "Mtoto wa dada yangu wa Newala." Alama ya kwanza ikaondoka. Akaulizwa kisimani, ya pili. Akaulizwa na mume wake, nikakata tatu, maana swali la mume ni zito. Alikuwa na alama kumi tu, mwanakijiji wa kawaida. Wachezaji walianza kuhesabu kimyakimya. Kisha yule aliyenunua jasho akasema, "Tunaweza kumpa zetu?" Akauza jasho. Mwingine akauza kidole.

Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, katika riwaya yake ya mwaka 1995 alimpakia Dzombo kwenye chombo cha angani kama adhabu ya kifo, akamtua kwenye jamii ya mbali sana, na safari hii binadamu ndiye mgeni. Jamii hiyo inaitwa Walenisi. Ukilikata jina unapata sentensi nzima: wale ni sisi. Nawashauri wanaotunga hadithi za viumbe wa mbali waisome, halafu wapunguze kidogo habari za ngozi na mikia. Wamtafute kwanza yule anayejua na anayekaa kimya, wamwekee jina, wamwekee mume na kisima na balozi. Kwenye karatasi zetu za wahusika, chini ya mstari wa sura na mstari wa sauti, sasa kuna mstari wa tatu. Umeandikwa: Nani anajua? Mhusika asiyeujaza haruhusiwi kuingia kijijini.