Nilisingizia Ng'ombe

Wale ng'ombe hawakula miche. Katika ripoti yangu ya mafunzo ya nyanjani, ile iliyopewa alama nzuri, niliandika kwamba waliila.

Nilikuwa mwanagenzi wa uhifadhi upande wa juu wa Kangema, Murang'a, pale mashamba ya chai ya wakulima yanapokwisha, ukavuka ukanda wa Chai ya Nyayo na kuingia msitu wa Aberdare. Maji ya Mathioya huanzia huko kabla ya kuteremka hadi Tana, kwa hiyo mvua zikikaribia, malori ya miche hupanda mlima. Na tangu serikali itangaze mwishoni mwa 2022 kwamba inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, mwanagenzi amekuwa karani wa kuhesabu: imepandwa mingapi, na picha iko wapi?

Siku ya miche ile, pamoja na wanafunzi na kikundi cha upanzi, tulipanda miti ya mutarakwa na muiri. Muiri si mti wa kuchezea. Gome lake hutafutwa ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, na biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu 1995. Kila mche ulikuwa ndani ya karatasi yake nyeusi ya nailoni. Kabla ya kupanda, karatasi huchanwa kwa wembe na kuvuliwa taratibu ili udongo usipukutike. Isipovuliwa, mizizi hugonga ukuta, ikajizungusha humo humo mpaka mche ufe. Tulikuwa na nyembe chache, wanafunzi wengi, na mvua ilikuwa imeanza. Mama mmoja wa kikundi akaniuliza, "Na karatasi, kijana?"

"Pandeni tu, mama. Itaoza."

Nilijua haiozi. Nilitaka lori lirudi tupu na idadi itimie.

Niliporudi kukagua, sehemu kubwa ilikuwa imekauka. Fomu ilikuwa na safu ya sababu, nami nikajaza: mifugo. Hakuna aliyeniuliza ushahidi, kwa kuwa misituni kwetu ng'ombe hulaumiwa kwanza, na hana wakili. Haikupita muda, ruhusa ya kulisha katika eneo hilo ikasimamishwa. Wafugaji wale hawakuwa wezi wa nyasi. Walikuwa wanachama wa chama cha jamii cha msitu, wakilipia kila ng'ombe kila mwezi na kupewa risiti.

Mzee mmoja kati yao alinitafuta. Hakufoka. Alinipeleka hadi kwenye mistari yangu, akainama.

"Ng'ombe gani huyu, kijana wangu, anayeua mti na kuuachia majani yote?"

Kisha akang'oa mche. Ukatoka na karatasi nzima, haina hata mkwaruzo. Akaniwekea mkononi, akasubiri niseme kitu. Nikasema nitalifuatilia suala hilo, jibu la ofisini ambalo nilikuwa nimejifunza upesi kuliko kupanda miti.

Kupuuza karatasi ulikuwa uzembe, na uzembe husameheka. Kilichonikaa moyoni ni kwamba baada ya mzee kunionyesha ukweli, nilinyamaza makusudi mpaka barua yangu ya kukamilisha mafunzo ilipotiwa sahihi. Ndipo nikamwendea msimamizi wangu nikamweleza. Alinikemea kidogo tu, pengine kwa sababu naye alikuwa amepeleka idadi ile ile juu.

Wafugaji walirudishiwa ruhusa. Miche ile haikuweza kurudishwa, na plastiki yake imezikwa katika msitu ambamo hata chupa ya maji ya plastiki ya kutupwa imepigwa marufuku tangu Juni 2020. Kama unasimamia upanzi mvua zijazo, hesabu nyembe kabla ya kuhesabu miche, na zisipotosha, miche iliyobaki irudi kitaluni.

Mzee alikuwa ameuza mtamba mmoja katika miezi ile, maana majani ya kununua yalimshinda bei. Hakuna aliyemlipa, nikiwemo mimi.