Kompyuta ya Marehemu ni Tirka na Amana



Katika nyumba zetu nyingi, za pwani na za bara, kuna pembe moja wanamokaa wasiotumika wala wasiotupwa: redio ya mbao, cherehani iliyokatika mkanda, saa ya ukutani iliyosimama, na siku hizi kompyuta iliyopitwa na wakati. Kikifika kifo au kuhama, pembe hiyo ndiyo ya kwanza kufagiliwa. Tumeona vyema wiki hii kuzungumza na familia juu ya kompyuta hiyo kongwe: nani ana haki ya kuiondoa, na iondolewe vipi pasi na kumdhuru mtu wala kuharibu kilichomo.

Sababu ya mazungumzo haya ni safari yetu ya Bahati, katika kaunti ya Nakuru. Shangazi yetu ameishi huko miaka mingi na mumewe, ambaye katika ujana wake alifanya kazi Kuwait. Mume alifariki, na eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi, shangazi aliazimia kuteremka Mombasa kwa binti yake. Vijana walipokuwa wakifunga mizigo walikuta juu ya kabati kompyuta ya Sakhr, redio kaseti na kaseti tano. Mmoja wao akashauri apewe mnunuzi wa vyuma chakavu. Shangazi akakataa, akatupigia simu.

Inafaa wasomaji waijue Sakhr ni kitu gani. Mwaka 1982 Mohammed Al-Sharekh, mfanyabiashara wa Kuwait, aliasisi kampuni iliyokusudia kuifanya kompyuta izungumze Kiarabu. Kompyuta zake za nyumbani zilifuata mtindo wa MSX, uliotangazwa mwaka 1983, lakini kibodi zake zilikuwa na herufi za Kiarabu. Kompyuta yenyewe na kibodi ni kitu kimoja, haina skrini yake. Huunganishwa na televisheni. Mtu akitaka kuhifadhi alichokiandika, hukirekodi katika kaseti ya kawaida. Ukiicheza kaseti hiyo kwenye redio husikii maneno, wasikia mlio mkali wa kukwaruza. Ndiyo maana vijana walidhani kaseti zimeharibika.

Jambo la kwanza tulilowaambia vijana halikuwa la ufundi, lilikuwa la mirathi. Mtu akifariki, kila alichokimiliki, kikubwa na kidogo, huingia katika tirka. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho kigawanywacho. Suratun-Nisaa imempa mjane wa mume aliyeacha watoto thumni, yaani sehemu moja katika nane, na mabinti nao wana mafungu yao. Basi kijana akimpa mpita njia kompyuta ya baba yake, ametoa pia fungu la mama yake na la dada zake bila ya kuwauliza. Na akiwamo yatima mdogo miongoni mwa warithi, fungu lake halisamehewi na yeyote. Tusiseme ni kitu kisicho na thamani. Hilo huamuliwa na wenye haki wote kwa pamoja.

Jambo la pili ni deni. Shangazi alitukumbusha ya kuwa mumewe alikuwa akiwawekea majirani fedha zao, na katika miaka ya tisini hesabu hiyo aliiandika katika kompyuta ile. Roho ya Muislamu hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Kaseti peke yake ilikuwa kelele tupu, na kompyuta peke yake ilikuwa plastiki. Kimoja ni kufuli na kingine ni ufunguo, na vyote viwili vilitakiwa vifike Mombasa salama.

Bahati iko nyanda za juu, kando ya barabara iendayo Nyahururu. Usiku wake ni baridi, na kiangazi chake ni vumbi. Hata jina la Nakuru husemwa kuwa latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya pahala pa vumbi. Basi hatukuiwasha kompyuta pale, ijapokuwa vijana walitamani sana. Chombo kilicholala miaka mingi kikitiwa umeme ghafla, vumbi, unyevu na kapasita zilizochakaa vyaweza kukiunguza. Tulichomoa nyaya zote, tukapiga picha kwa simu kila waya ulipokuwa umechomekwa, na kila waya tukaufunga karatasi yenye namba. Vumbi tuliliondoa kwa brashi laini na kavu, bila ya kitambaa chenye maji. Kisha tukaifunga kompyuta kwa shuka ya pamba, tukaitia katika katoni yenye vitambaa kila upande. Hatukuifunga kwa nailoni moja kwa moja, kwani nailoni huufungia unyevu ndani.

Kila kaseti ina vijipande viwili vidogo vya plastiki ukingoni mwake. Tulivivunja, kwani vikivunjika, kinasa sauti hakiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo. Kaseti tukazisimamisha katika boksi lao, mbali na spika, kwani ndani ya spika mna sumaku, na sumaku hufuta.

Ilikuwapo pia televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Hapa twawasihi sana akina mama na vijana: msiifungue. Ndani yake umeme mkali waweza kubaki hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi. Uzito wake wote uko mbele, kwa hivyo huchukuliwa na watu wawili, kioo kikielekea kifuani, na watoto wakae mbali.

Safari ya kutoka Nakuru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, kutoka ubaridi hadi joto la bahari. Kitu cha baridi kikifunguliwa katika hewa ya pwani hutoa jasho, kama gilasi ya maji ya barafu. Tuliiacha katoni imefungwa siku nzima, ndipo fundi akaifungua, akakagua sehemu ya umeme, akabadilisha kilichochakaa na kuiwasha. Kaseti ya kwanza haikusomeka mpaka sauti ya kinasa ilipopandishwa kidogo kidogo. Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Fundi hakuweza kuyasoma, wala watoto wa marehemu. Aliyeyasoma ni shangazi, aliyefundishwa khati hizo chuoni utotoni mwake, naye akayatamka jina baada ya jina huku binti yake akiandika daftarini.

Majina yalikuwa kumi na moja. Kumi yalikuwa na neno "amechukua". La kumi na moja, la mama mmoja aliyeweka shilingi 3,000 mwaka 1991, halikuwa nalo. Warithi walimtafuta, wakaambiwa ametangulia mbele ya haki. Binti yake wakampata Njoro. Shilingi hizo zilitolewa katika tirka kabla ya mgawo wowote, zikakabidhiwa warithi wa mama yule. Na kwa kuwa shilingi 3,000 za leo si zile za mwaka 1991, watoto wa marehemu waliongeza kutoka mifukoni mwao, kwa hiari, bila ya kulifanya deni.

Sasa kompyuta ile imewekwa juu ya rafu, mbali na ukuta unaovuta unyevu, mbali na dirisha, kwani jua huifanya plastiki kuwa manjano na dhaifu, na mbali na moshi wa jikoni. Warithi wote walikubaliana ikae kwa mama yao.

Si kila kompyuta itabaki. Warithi wakiafikiana kuiondoa, kwanza waangalie kilichomo, kwani barua za mume na mke na siri za nyumba ni sitara isiyofaa kupelekwa gulioni. Kisha isichomwe moto ili kupata shaba ya nyaya, maana moshi wake ni sumu kwa watoto wa jirani. Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea vyombo vya umeme vilivyochakaa.

Enyi wazazi, andikeni amana za watu mahali panaposomeka, na mwaambieni wake zenu na watoto wenu ni wapi. Kaseti ile ilisomeka kwa kuwa mjane alikuwa hai na alijua kusoma. Mwenyezi Mungu atujaalie kufa hali ya kuwa hatuna haki ya mtu mikononi mwetu. Amin.

Wallahu aalam.