Picha Haisemi Siku

Zamani kupigwa picha ilikuwa shughuli ya sikukuu. Familia ilivaa nguo zilizopigwa pasi, ikaenda studio, ikasimama mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi, na mpiga picha akaamuru watu wasitikisike. Aliyepigwa ndiye aliyelipa, na picha ikawa mali yake. Siku hizi mambo yamegeuka. Karibu kila nyumba ya mjini ina simu yenye kamera, na mara nyingi anayeondoka na picha ni mpigaji. Aliyepigwa hajui hata inakwenda wapi. Jambo hili lilinikabili mwaka 2020, nilipoingia katika mashindano ya picha za safari.

Mashindano yenyewe huitwa Wiki Loves Africa. Yalianza mwaka 2014, na mada ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa mapishi. Mshiriki huweka katika mtandao picha alizopiga mwenyewe, awe fundi wa kazi hiyo au mtu wa kujifurahisha tu kama mimi. Mada ya mwaka 2020 ilikuwa Afrika iliyo safarini: watu, mizigo, na vyombo vinavyowachukua. Binti yangu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, ndiye aliyeniletea habari hiyo. "Baba," aliniambia, "kila Jumamosi unazunguka na kamera yako. Peleka basi, na wengine waone."

Nilikubali kwa sababu moja. Sisi tunaoishi Dodoma tumezoea kusikia mji wetu ukitajwa kama mahali pa kupita. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910 ikielekea Kigoma, na tangu hapo abiria wengi wameijua nyanda hii kwa kuichungulia dirishani: mibuyu, vumbi, mbuzi, kisha usingizi. Hata baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, masimulizi ya ukame hayakwisha. Nilitaka kuonyesha safari za wenyeji wenyewe.

Jumamosi, Machi 7, nilikwenda mnada wa Msalato. Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa mnada huo: hufanyika Jumamosi, mifugo huuzwa, nyama huchomwa, na jioni barabara hujaa watu wanaorudi makwao. Yalikuwa majira ya mvua, na majani yalikuwa yamestawi kando ya njia. Nikamwona mvulana wa miaka kama kumi akiongoza punda wawili waliokokota mkokoteni uliosheheni magunia na madumu ya maji. Jua lilikuwa nyuma yake, na punda mmoja alikuwa amemgeuzia sikio kana kwamba anamsikiliza. Nilipiga mara moja tu, nikajua nimeipata picha yangu.

Baba yake alikuwa akifuata nyuma kwa miguu. Nikamwamkia, "Mbukwenyi," akaitikia, nikamwonyesha picha. Alicheka kwa furaha, akamwita mtoto naye atazame. Kisha nikamweleza kanuni ya mashindano, maana kumficha kungekuwa wizi: picha ikishawekwa, mtu yeyote duniani aweza kuichukua, kuikata, kuichapa, hata kuiuza, mradi amtaje mpigaji na kuacha wengine nao waitumie kwa ruhusa ile ile. Na ruhusa hiyo ikishatolewa hairudishwi.

Mkulima yule alinyamaza kidogo. "Chini yake pataandikwa nini?"

"Nitaandika kwamba mtoto anarudi mnadani na baba yake."

"Wewe utaandika hivyo, ndugu yangu. Na huyo atakayeichukua kwako?"

Sikuwa na jibu.

"Mtoto huyu yuko darasa la nne," akaendelea. "Leo ni Jumamosi. Picha yako haisemi siku. Mtu wa mbali ataona mtoto na punda, atasema baba yake amemnyima shule. Mimi nitamjibia wapi?"

Maneno yale yalinikumbusha picha aliyoipiga Kevin Carter wa Afrika Kusini mwaka 1993, huko Ayod, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini: mtoto aliyedhoofika kwa njaa, na nyuma yake tumbusi ametua. Picha ile ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na iliwafumbua wengi macho kuhusu njaa ile. Lakini kwa miaka mingi dunia ilimtaja mtoto yule kuwa ni msichana. Mwaka 2011 mwandishi wa gazeti la Hispania alipowafikia jamaa zake, ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa mvulana, na kwamba aliokoka njaa ile. Kamera haikudanganya. Walio mbali ndio walioijazia picha maneno yao, na baba wa mtoto hakuulizwa kwa miaka 18.

Basi sikubishana na mkulima yule. Yeye mwenyewe akapendekeza njia: alishika hatamu, akasimama wima, akaniambia nipige. "Mimi ni mtu mzima," alisema. "Wakinizulia, nitabeba. Mtoto asibebeshwe." Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na punda walikuwa wameinamisha vichwa kwa uchovu. Hiyo ndiyo picha niliyoipeleka, na chini yake nikaandika siku na mahali kama alivyotaka.

Binti yangu alizitazama zote mbili akasikitika. "Baba, umeiacha iliyo bora." Alisema kweli. Sikupata tuzo yoyote, wala sidai kwamba ile ya kwanza ingeshinda. Niliichapisha kwa karatasi, nikampelekea mwenyewe Jumamosi iliyofuata. Siku chache baadaye, Machi 17, shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wa nchi nzima wakawa nyumbani. Ningeipiga picha ile ile wiki hiyo, ingekuwa na maana nyingine kabisa.

Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kusimama kila njia ya mnadani, na wazazi tusiwangoje askari ndipo tuwafundishe watoto wetu wenye simu kwamba sura ya mtu ina mwenyewe. Kuuliza hakupotezi hata dakika tano. Kamera yangu sasa hufuatana na daftari dogo. Humo naandika siku, mahali, na jibu la aliyepigwa. Na jibu likiwa hapana, naandika vilevile.