Laiki Hazilipi Kodi ya Nyumba

Leo tuzungumzie takwimu za Facebook. Binamu yangu anapangisha nyumba Rhamu, Kaunti ya Mandera, kando ya Mto Daua. Ukurasa wake ulikuwa na laiki tele, vyumba vitupu. Akaniomba nimsaidie.

Nilianza na miji ya wafuasi. Wengi wako Nairobi na Minneapolis! Hao hawahamii Rhamu kesho. Lakini hao hao ndio wanaowatumia wazazi pesa ya kodi. Basi tukaandika matangazo mawili: moja la mpangaji aliyeko Rhamu, la pili la mtoto anayemtafutia mama yake nyumba.

Kila tangazo nikaliwekea kiungo chake cha WhatsApp (wa.me) chenye ujumbe ulioandikwa tayari: "Naulizia nyumba A" au "Naulizia nyumba B". Mtu akibofya na kutuma, herufi inakuonyesha tangazo lililomleta. Hakuna programu ya kununua. Sasa tunahesabu maulizo na funguo zilizokabidhiwa.

Viwanja nilikataa kuvitangaza. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa kwa amana na serikali ya kaunti, nayo hairuhusiwi kuiuza. Aliyeko Minneapolis anaona picha tu, hati haoni. Takwimu zitakuambia wangapi wamebofya. Kiwanja ni cha nani, hazijui.

Haya, kazi njema.