Kiwele kilichojazwa na picha ya kwenye simu yako



Ndugu yangu unayeuza mtandaoni, ya leo ni yako. Ni ndefu kidogo, isome ukiwa umetulia.

Maswali mengi ninayoletewa miezi hii yanatoka kwa dada zangu wanaouza mabaibui, udi, keki na nguo za watoto kupitia WhatsApp na Instagram. Siku hizi huhitaji fremu Kariakoo wala kodi ya miezi sita. Simu, bando, na kijana wa bodaboda unayemwamini, biashara imeanza. Mimi nawaunga mkono kabisa, na wale wanaosema mwanamke wa Kiislamu hana kazi na soko wakasome upya habari za Bi Khadija (r.a.). Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hana kitu, Saad bin Rabii (r.a.) alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akaanza na jibini na samli. Soko letu sisi limeingia kwenye simu, na sheria za Allah zimeingia nalo humo humo.

Sasa nikupe swali lililonifanya niandike. Mama mmoja mjane anauza vitambaa. Ananiambia: "Sheikh, wenzangu wanaweka picha zinazong'aa walizozitoa kwenye mitandao ya Wachina. Mimi nikipiga kitambaa changu chenyewe kinaonekana kimepauka, hakuna hata anayeuliza bei. Nina watoto watatu. Nikisema ukweli siuzi."

Usilione swali hili dogo. Ni rahisi kumjibu mtu "mche Allah" ukiwa umeshiba. Kwake yeye hiyo picha ni ada ya shule.

Nilimjibu kwa kumrudisha kwa mbuzi. Waarabu wa zamani walikuwa na ujanja wao. Mtu akitaka kumuuza mbuzi au ngamia, anamwacha siku kadhaa bila kumkamua. Kiwele kinajaa, mnyama anapelekwa sokoni, mnunuzi anaona kiwele kile anasema huyu ana maziwa hasa. Anafika naye nyumbani, siku ya kwanza anapata ndoo, siku ya pili kikombe. Mtume wetu (s.a.w.) alilikataza jambo hili, na hadithi yake ipo kwa Bukhari na Muslim. Aliyeuziwa akapewa hiari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya yale maziwa aliyoyakamua. Katika riwaya ya Muslim amepewa siku tatu.

Hebu mtazame yule muuzaji. Hakusema uongo hata neno moja. Hakusema "mbuzi huyu ana maziwa mengi". Alikiacha kiwele kiseme badala yake. Ndiyo kazi inayofanywa na picha uliyoipaka mwanga mpaka kitambaa cha kawaida kikawa hariri. Mdomo wako umenyamaza, picha inadanganya kwa niaba yako. Kuweka taa nzuri ili kitu kionekane kilivyo hakuna ubaya. Kukiweka kionekane kisivyo, hapo umeshakijaza kiwele.

Na mimi yameshanifika. Niliagiza kanzu mtandaoni kuelekea Idi. Pichani kitambaa kizito, shingo imedariziwa vizuri, ya Oman ile yenyewe. Iliyokuja ukiishika juu ya jua unamwona mtu wa upande wa pili. Nilipouliza nikajibiwa, "Sheikh, picha ni ya mfano tu." Mfano wa nini? Kwani nilitoa pesa za mfano? Nikaomba kurudisha, nikaambiwa mzigo ukishatoka haurudi. Sasa tazama: Mtume (s.a.w.) amempa haki ya kurudisha mtu aliyekwisha kunywa maziwa, na wewe unamnyima mtu ambaye kanzu hata hajaivaa!

Basi yule mama nilimwambia hivi. Apige picha nje, asubuhi, kwenye kivuli, bila kubadilisha rangi. Akikunje kitambaa mkononi kwenye video ili uzito wake uonekane. Aandike upana kwa futi, aseme kama kinachuja kikifuliwa. Na aandike wazi kwamba kikija tofauti na picha anakipokea. Mwezi wa kwanza aliuza kidogo kuliko kawaida, sitakuficha. Kilichobadilika mpaka sasa ni kwamba simu za ugomvi zimekoma, na wateja wawili wamerudi kununua tena. Wawili tu. Kama ada imetimia, sijui; sikumuuliza, na baadhi ya ndugu msikitini wamejitolea katika hilo.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na wengi wenu mmo ndani. Unapiga picha mzigo wa duka la mtu, au unaichukua tu kwenye ukurasa wake, unaweka bei yako juu, mteja anakutumia pesa kwa simu, ndipo unakimbilia dukani kununua. Umeuza kitu ambacho si chako. Hakim bin Hizam (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo hili hili: mtu anamjia anataka kitu ambacho yeye hana, je, amuuzie kisha akamnunulie sokoni? Akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Na sababu yake unaiona kila siku. Unafika dukani mzigo umeisha, au bei imepanda, na pesa ya mtu ulishanunulia mchele. Hapo ndipo zinapoanza "mtandao unasumbua" na "bodaboda yupo njiani", na mwisho mteja anafungiwa namba.

Usikate tamaa, milango ya halali ipo, tena mipana. Wa kwanza ni udalali. Nenda kwa mwenye duka, kubalianeni: nikikuletea mteja nipate kiasi fulani kwa kila gauni. Hapo humuuzii mtu kisicho chako, unauza kazi yako. Imam Bukhari ana mlango mzima juu ya ujira wa dalali, kwa hiyo usione haya kuitwa dalali. Mlango wa pili ni uwakala wa mnunuzi: "Nitumie pesa, nakununulia Kariakoo, ujira wangu elfu tano." Kila mtu anajua kinachoendelea. Wa tatu ni biashara ya salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na miwili kabla. Hakuwafungia soko, aliwaelekeza kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Kwa mpishi wa keki au fundi wa mabaibui mlango huu unafaa sana: eleza saizi, kitambaa, rangi, siku ya kukabidhi, na upokee bei yote mwanzoni, maana wanazuoni wengi wameshurutisha hivyo. Ile ya "nusu sasa, nusu mzigo ukifika" ina maneno yake, tutayasema siku nyingine inshaallah. Na madhehebu yetu ya Shafi yana ukali katika kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona, kwa hiyo mwenye duka mtandaoni amuulize mwalimu wake, asijikatie hukumu kwa kusoma ujumbe mmoja kwenye simu, hata huu wangu.

Mengine nayapitia mbio. Kumwambia binamu yako aandike "nimepokea mzigo wangu, asante dada, Allah akuzidishie" na hajanunua hata pini: hiyo ni ndugu wa najash, ile ya mtu kupandisha bei ya bidhaa bila nia ya kununua ili wengine wavutike. Na binamu ana dhambi yake. Kununua wafuasi elfu kumi wasiokuwepo ni mlango huo huo. Mashindano ya "lipia elfu mbili upate nafasi ya kushinda simu" ni kamari, hata ukiyaanza na bismillahi. Kuanika mazungumzo ya mteja na namba yake ikionekana, ili watu wajue unauza, ni kumvunjia amana. Wengine wanamwanika hata mteja aliyeomba apunguziwe, watu wamcheke. Subhanallah.

Na hii "bei njoo inbox". Sisemi ni haramu, kuna wenye sababu zao. Lakini kama sababu yako ni kutazama kwanza picha ya mteja, anaishi Masaki au Mbagala, ndipo umkatie bei, jiulize kwa nini hutaki bei yako ionekane na watu. Kuwatajia watu bei tofauti kwa maelewano kunaruhusiwa. Kumvizia asiyejua bei ya soko ukampiga mara tatu, hapo pana ghabni na dhulma.

La mwisho, kwa wanaouza laivu. Ijumaa adhana inapoadhiniwa na imamu yuko juu ya mimbari, Qur'ani imeamrisha biashara iachwe, na laivu ni biashara. Kijana unayepaswa kuhudhuria Ijumaa, funga kabla ya adhana, waambie wateja unarudi saa nane. Aya inayofuata yenyewe imekuruhusu utawanyike kutafuta riziki. Na dada ambaye Ijumaa haimlazimu, usimuuzie mwanamume aliyetakiwa kuwa msikitini saa ile, mwambie baada ya swala utamfungia mzigo wake.

Wenye maswali juu ya "nusu sasa, nusu baadaye" niandikieni namna mnavyouza, na mnataja nini mnapokubaliana, nijibu kwa pamoja wiki ijayo inshaallah. Wabillahi tawfiq.