Kikosi Kilichoitwa Uganda

Thamesmead, kusini-mashariki mwa London, imejengwa juu ya vinamasi vya Erith na ardhi ya Royal Arsenal, kiwanda kikuu cha silaha cha Woolwich. Wapangaji wa kwanza walihamia mwaka 1968, lakini alama za vita bado zipo. Tump 53, kisiwa kidogo kilichozungushiwa mfereji wa maji ili kuhifadhi baruti, leo ni makazi ya ndege na wanyama wa majini. Tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Wajerumani zilipiga mabomu Arsenal hii mchana kweupe. Kati ya vikosi vilivyopigana katika anga la London mwezi huo kilikuwemo Kikosi Na. 46, kilichorukia Stapleford Tawney, Essex, ambacho kilipata kuitwa Kikosi Na. 46 (Uganda).

Jina hilo limewapoteza njia wajukuu wengi wa Afrika Mashariki wanaotafuta habari za babu zao waliotumikia vita. Makoloni yaliyochangia fedha za ndege yalipewa heshima ya majina yao kuandikwa kwenye vikosi, kwa hiyo neno Uganda hapo linatuambia pesa zilitoka wapi, halituambii nani aliyekaa kwenye usukani. Juni 1940 kikosi hicho kilitua na ndege zake kwenye manowari ya kubebea ndege, Glorious, kikitokea Norway. Manowari ikazamishwa, na marubani wa kikosi walionusurika baharini walikuwa 2 tu, Kenneth Cross na Patrick Jameson. Ni habari nzito inayostahili kukumbukwa, ila babu aliyetumikia vita huko kwetu hayumo ndani yake. Ninachoshikilia ni kwamba mjukuu aanze na kituo alichofanyia kazi babu, si na jina la kikosi.

Zamani hata kuanza kulikuwa vigumu. Majalada ya vita yalifunguliwa kwa umma mwaka 1972, na baadaye msomaji alilazimika kufunga safari hadi Kew, upande wa pili wa London, aagize daftari la kumbukumbu za kikosi na kulingoja mezani. Sasa madaftari ya vikosi yamepigwa picha, na mtu anayasoma akiwa nyumbani kwake Thamesmead. Kurasa za safari za ndege zina tarehe, namba ya ndege, majina ya waliopanda, saa ya kuruka na saa ya kutua. Majirani zetu wa Afrika Magharibi, ambao ni wengi hapa, wanaweza kubahatika: Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia wa ndege za mabomu hadi ilipotunguliwa yake mwaka 1943. Lakini kurasa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya walioruka. Mlinzi wa lango, mpishi, dereva na mpakuaji wa mizigo hawana safu yao, hata picha zikiwa safi namna gani.

Wapo watakaosema kwamba basi daftari halitufai, tubaki na masimulizi ya wazee. Na wapo wa upande wa pili, wanaosema mzee huchanganya miaka, hivyo maneno yake si ushahidi. Naona wote wameharakisha. Mzee anaweza kukosea mwaka, lakini ni vigumu asahau kama ndege zilitua majini au nchi kavu. Mombasa, Kipevu ilikuwa ya Catalina, ndege za majini za Vikosi Na. 209 na 259, zilizohudumiwa kwa mashua. Port Reitz ilikuwa na uwanja wa nchi kavu, na hapo Septemba 1943 kikaundwa Kikosi Na. 621 chenye ndege za Wellington. Mwezi huohuo Kikosi Na. 259 kilihamia Dar es Salaam. Kwa hiyo aliyesimulia kwamba alipeleka mafuta kwa mashua, kisha wazungu wake wakahamia Dar, ameshataja kikosi na mwaka bila kujua namba yoyote. Hapo ndipo daftari linapofaa, kwa kuhakiki simulizi.

Majina yenyewe yatafutwe penginepo: kumbukumbu za King's African Rifles (KAR) na za vikosi vya kazi vya jeshi, vyeti vya kuachishwa utumishi, medali zilizofungwa kwenye kitambaa kabatini. Na kama bibi au mjomba aliyemsikia babu yu hai Mombasa, Kampala au Tabora, mpigie simu leo kabla ya kulipia jalada lolote, umuulize ndege zilitua wapi.